Nilivyojifunza kuhesabu karata za blackjack

Blackjack ni mchezo wa kasino: wewe na mgawaji mnashindana kukaribia 21, na anayeipita anapoteza. Mfumo niliojifunza unaitwa Hi-Lo, na kichwani unabeba namba moja tu. Karata ya 2 hadi 6 ikifunuliwa, ongeza 1. Ya 7, 8 au 9, iache ipite. Ya 10, jeki, malkia, mfalme au asi, toa 1. Pakiti ya karata 52 ina ndogo 20 na kubwa 20, kwa hiyo ukianza na sifuri ukazimaliza zote, lazima urudi kwenye sifuri. Hapo ndipo niliupendea mfumo huu: unajisahihisha wenyewe.

Karata iliyotoka hairudi mpaka zichanganywe upya. Ndogo zikishatoka kwa wingi, zilizobaki zimejaa kumi (jeki, malkia na mfalme nazo ni kumi) na asi. Asi na kumi pamoja ni blackjack, ambayo mchezaji hulipwa 3 kwa 2. Mgawaji akiipata, anachukua dau lako tu. Tena mgawaji analazimika kuchukua karata mpaka afike 17. Akiwa na 15 au 16 wakati kubwa zimejaa, anapita 21 mara nyingi zaidi, nawe umetulia zako. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, aliieleza siri hii mwaka 1962, na mimi bado inanishangaza.

Mazoezi niliyafanyia nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, mdogo wangu akigawa, dau letu likiwa maharage. Kilichonipa mwendo ni kusoma karata mbili mbili. Mfalme na 4 zikilala pamoja, zinafutana. 3 na 5 ni mbili kwa mpigo. Kisha tukahamia uani, redio ya jirani inapiga kelele, naye ananikatiza: "Yaya, hesabu iko ngapi?" Nilipoanza kumjibu bila kusita, nikajua imeingia.

Kazi kubwa ni kugawanya. Kasino nyingi huchanganya pakiti 6 au 8. Hesabu ikiwa 6 na zimebaki pakiti 3, hesabu ya kweli ni 2. Kila 1 ya hesabu ya kweli hukuongezea faida ya karibu nusu ya asilimia ya dau, na hata mchezaji mzuri huanza akiwa nyuma kwa kama kiasi hicho hicho. Ndiyo maana mimi huongeza dau kuanzia 2. Chini ya hapo naweka dogo kabisa. Ili nijue zimebaki ngapi, nilirundika pakiti kuukuu mezani, nikalizoeza jicho unene wa moja, wa mbili, wa tatu.