Saa ishirini na mbili za mama

Desemba ile nilimtumia mama picha ya tiketi kwa WhatsApp. Haikupita nusu saa akanipigia. "Mwanangu, hiyo ndege yenu yaruka au yakokotwa? Yatoka Jumamosi saa sita na nusu mchana, yafika Jumapili saa tano kasoro. Saa ishirini na mbili na ushei!"

Kujumlisha alijumlisha sawa, ila kwenye tiketi kila mji huandikiwa saa yake. Mimi naishi Jersey City, ng'ambo ya mto tu kutoka New York, na majira ya baridi tuko nyuma ya Mombasa kwa saa nane. (Kiangazi huwa saba, maana huku saa husogezwa mbele. Kenya haina mchezo huo.) Saa sita na nusu yangu ya mchana, kwake ni saa mbili na nusu usiku, keshaswali Isha. Hesabu toka hapo: saa kumi na nne na dakika zake.

New York hadi Nairobi ni kama kilomita 11,800 bila kutua, Atlantiki kisha Sahara. Anasa hii si ya zamani. Kenya Airways ilianza safari hiyo ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya Wamarekani kuukubali usalama wa anga wa Kenya Februari 2017. Kabla ya hapo tulizungukia London, Amsterdam au Dubai. Ya Dubai ilinichekesha: unapitiliza mashariki, halafu unarudi kusini magharibi kilomita 3,500 nyingine kutafuta kwenu.

Kurudi nyumbani ndiko kwepesi. Huko juu ya Atlantiki pepo kali huvuma kutoka magharibi, zikaisukuma ndege kwa nyuma. Ukienda Amerika zinakukabili, na safari hukaribia saa 15. Mtu wa pwani haelezwi hilo. Dau lenye upepo wa tanga si sawa na dau linalobisha.

Kilichonitoa jasho ni kipande cha mwisho. Nauli ya ndege ya kuunganisha hadi Mombasa ilinishinda, kwa hiyo nikasubiri mizigo Nairobi, nikakimbilia treni ya SGR ya saa tisa alasiri, nikashuka Miritini gizani, nikatafuta tuktuk hadi Kisauni. Nilibisha hodi saa nne usiku. Kilomita 480 zimenila saa kumi na moja!

Mama alikuwa macho. Mezani mahamri yamefunikwa kawa, magumu kama kifuu, na mbaazi za nazi zimeshapashwa mara tatu.

"Tiketi yasema saa tano kasoro asubuhi."

"Hiyo ni Nairobi, mama."

"Pameandikwa NBO. Mie nitajuaje NBO ni wapi?"