Tulivyoihesabu sheria ndogo kabla haijapita

Mwezi wa tatu mwaka juzi, tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa mtendaji wa kata. Halmashauri ilikuwa na rasimu ya sheria ndogo: kila anayebangua korosho za kuuza awe na banda la matofali lenye sakafu ya saruji, na akate kibali cha shilingi 20,000 kila mwaka. Mwenye pingamizi aandike. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 14 hapa mkoani Mtwara, na banda letu ni kivuli cha mwembe.

Wenzangu walitaka tuandike kwamba tunaonewa. Nilikataa, maana barua ya kilio hujibiwa kwa pole tu. Mpwa wangu aliye chuoni alikuwa amenisimulia habari za tathmini ya athari za kanuni: kabla ya kutoa amri, serikali inaeleza tatizo ni nini, nani atabeba gharama, nani atanufaika, na kama ipo njia nyingine. Marekani Rais Reagan aliziagiza wizara zake zifanye hivyo mwaka 1981. Kenya wana sheria ya mwaka 2013 inayodai taarifa ya namna hiyo pale kanuni inapotarajiwa kuwatwisha watu gharama kubwa. Alinitumia pia orodha ya maswali 10 ya mwaka 1995 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea. La kwanza linauliza kama tatizo limeelezwa sawasawa.

Hapo nilikaa siku mbili. Rasimu ilizungumzia majengo, lakini kilichowafikisha watu kwa diwani ni moshi. Kabla ya kubangua tunazichoma korosho, na ganda lake lina mafuta makali. Yakishika moto, moshi wake unakaba koo. Nikapita nyumba za jirani moja moja nikiuliza. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, hata mkijenga ghorofa, mjukuu wangu ataendelea kukohoa." Nikaliandika. Wenzangu walininunia, lakini bila jibu la yule bibi daftari letu lingekuwa la upande mmoja.

Kisha tukahesabu yetu. Kwenda na kurudi makao makuu ya wilaya ni 12,000, na kibali kinataka safari mbili: kupeleka maombi, kisha kukifuata. Kwa hiyo karatasi ya 20,000 inamtoka mama 44,000, na siku mbili hajabangua hata kilo. Nauli hiyo haikuwamo popote kwenye rasimu, kwa sababu aliyeiandika anafanya kazi palepale kinapotolewa kibali. Matofali na saruji sikuhitaji hata kuvieleza. Fundi alituandikia makadirio, nikayabana kwenye daftari.

Mwisho tukaweka njia nyingine: kuchoma kufanyike mbali na nyumba, asubuhi tu, na kibali kitolewe kwenye kata.

Diwani alilisoma daftari lote mbele yangu, kimya, kisha akauliza, "Mama katibu, hii nauli ni kweli?" Nikamtolea tiketi.

Sheria ilipita bila banda kwa vikundi vidogo, na kibali tunakata kwa mtendaji. Sharti la kuchomea mbali limebaki, na limetugharimu: maji sasa tunayabeba kutoka mbali zaidi, jambo ambalo sikulihesabu. Wala hajaja mtu kutoka halmashauri kuangalia kama moshi umepungua. Msimu huu nimefungua daftari la pili, na nyumba ya kwanza nitakayobisha hodi ni ya yule bibi.