Jinsi nilivyookoa vyombo vya studio yangu na unyevu wa Tukuyu

Studio yangu ya kurekodi muziki ni chumba kimoja cha uani hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako mvua huanza Novemba na mara nyingi hufika Mei kabla ya kutuachia, na kwa mwaka hupita milimita 2,000. Wateja wangu wengi ni kwaya za makanisa. Miaka miwili ya mwanzo niliamini kwamba kinachoharibu vyombo ni maji yanayovuja, na kwa kuwa bati langu lilikuwa zima, sikuwa na wasiwasi wowote.

Machi 2022, nikiwa narekodi kwaya moja, nilianza kusikia kwenye hedifoni mlio kama wa kitunguu kinachokaangwa. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kadi ya sauti, mlio ukabaki palepale. Nilipeleka maikrofoni kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, akafungua wavu wake, akamulika ndani kwa tochi na kuniambia, "Mwalimu, hii haijafa, imenyonya unyevu. Usiiwashie umeme mpaka ikauke kabisa." Maikrofoni ile ilikuwa ya kondensa, aina yenye utando wenye unene wa mikroni chache tu, uliokaa karibu mno na kibamba cha chuma, na baina yao pana chaji ya umeme, unyevu ukitanda hapo chaji huvuja kidogo kidogo, na huko kuvuja ndiko tunakokusikia kama mlio. Maikrofoni yangu ya kawaida ya jukwaani, isiyohitaji umeme wa volti 48 kama ile ya kondensa, haikupata shida hiyo.

Niliporudi nyumbani nilibandua sponji za kuzuia mwangwi, ambazo nilikuwa nimezigandisha kwa gundi moja kwa moja kwenye ukuta wa tofali unaopigwa na mvua. Nyuma yake ukuta ulikuwa umetapakaa kuvu nyeusi, na sponji zilinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Ncha za waya zilikuwa zimeota ukijani. Niliumia sana, kwa sababu vyombo vile nilivinunua kimoja kimoja, kwa fedha ya ndizi na chai.

Nilinunua kipimo cha unyevu wa hewa, na alfajiri ya kwanza kilisoma asilimia 84. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo langu lilikuwa baridi ya usiku kuliko mvua yenyewe. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke, lakini ikipoa hadi nyuzi 15 uwezo huo hushuka hadi gramu 13 hivi, na mvuke uliozidi hutua kwenye chuma na kuta zilizopoa. Waimbaji kumi na wawili wakiimba kwa muda wa saa tatu madirisha yakiwa yamefungwa, mvuke wa pumzi zao hubaki chumbani, usiku unageuka umande juu ya vyombo.

Sponji mpya nimezifunga kwenye fremu za mbao zilizoachana na ukuta kwa sentimita kumi, ili hewa ipite nyuma. Waimbaji wakitoka, madirisha hufunguliwa, hata kama nje kuna manyunyu. Jiko la mkaa, ambalo nilizoea kuliingiza ili kuondoa baridi, nimelipiga marufuku kabisa, kwani hewa yake huua watu waliofungiwa ndani, na sitaki kwaya ya mtu ifie mikononi mwangu.

Maikrofoni hulala kabatini, chini ikiwaka balbu ya kizamani ya wati 25, mbali na kitambaa na mbao. Joto lake dogo latosha kushusha unyevu. Pamoja nazo naweka chembe za silika za rangi ya buluu, ambazo zikishiba unyevu hugeuka waridi, nami huzikausha kwenye sufuria isiyopikiwa chakula, maana rangi ile ni sumu. Mchele niliujaribu kabla ya hapo. Uliniachia vumbi tu. Ncha za waya nilizisafisha kwa alkoholi ya isopropili na pamba.

Maikrofoni ilikaa kabatini wiki nzima kabla sijaiwashia umeme, na mlio ule haujarudi. Mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, haikupona: vitelezi vyake viwili vinakwaruza hadi leo, navyo sivigusi tena. Asubuhi hii ukungu umefunika mlima wote, kipimo cha nje kinasoma asilimia 91, na cha kabatini 48.