Miaka 23 ya kushika michezo na timu ya mpira chuoni, na kengele ya saa kumi na moja

Nilistaafu 2024 nikiwa na miaka 60, na kuanzia 2001 mpaka siku natoka nilikuwa mkufunzi wa michezo na hapohapo kocha wa timu ya mpira kwenye chuo kimoja cha ualimu huku Nyanda za Juu Kusini. Vijana wanaoanza kazi hii wananipigia simu wananiuliza mwalimu uliwezaje, basi nimeona niandike yote mara moja.

Kwanza mjue hizi ni kazi mbili na zinavutana. Ukiwa mkuu wa michezo wote ni watoto wako, netiboli, voliboli, riadha, kwaya na ngoma pia maana UMISAVUTA, yaani mashindano ya vyuo vya ualimu Tanzania, ina sanaa ndani yake, ukiwa kocha roho yako iko kwa wale kumi na moja tu. Mwaka wangu wa pili dizeli ilitosha safari moja, nikawapa wasichana wa netiboli kwa sababu ndio walikuwa wanashinda, vijana wa mpira walininunia wiki nzima hawaji mazoezini. Iliniuma lakini nisingewapa wao kisa tu mimi ni kocha wao, ningekula haki ya wale mabinti na chuo kizima kingejua.

Sasa kilichotaka kunishinda kabisa ni 2007. Matokeo ya mtihani wa muhula yalitoka, kwenye kikosi cha watu 18 waliopata sapu, yaani wa kurudia mtihani, ni 11. Kumi na moja! Mkuu wa chuo, mama mmoja mpole sana, akaniita ofisini, karatasi iko mezani amewapigia mstari mwekundu mmoja mmoja. Akaniambia, "Mwalimu, hawa wazazi wao wamewaleta kusomea ualimu. Muhula ujao ikiwa hivi tena, timu naifunga." Sikuwa na la kujibu maana alikuwa anasema kweli, mimi nilikuwa najua goti la nani linauma na nani hana njumu ila sijui nani ameingia darasani na nani kalala.

Wiki zilezile, ilikuwa Aprili, usiku nasikiliza redio nikasikia kuna kocha Mmarekani amefariki, Eddie Robinson. Sio mpira wetu, ni ule wao wa helmeti wa kushika mkononi. Walichosema kikanikalisha kitandani, kwamba alifundisha chuo kimoja tu, Grambling, chuo kidogo cha Wamarekani weusi huko Louisiana, kaanza 1941 akiwa na miaka 22 katoka 1997, ameshinda mechi 408, na michezo yote ya chuo alikuwa anaisimamia yeye. Kesho yake nikaenda mjini intaneti kafe nikaprinti kurasa zote nilizoweza kulipia.

Nilisoma nikaona kama nasoma habari za kazi yangu. Mshahara wa kuanzia dola 63 na senti 75 kwa mwezi, msaidizi hana, nyasi za uwanja anakata mwenyewe, mistari anachora mwenyewe, vifundo vya miguu ya wachezaji anafunga bandeji mwenyewe, mechi ikiisha anaandika ripoti ya gazeti. Safarini wanabeba sandwichi kwa sababu hoteli za wazungu kusini kule zilikuwa hazihudumii weusi. Na msimu wa 1942, wa pili tu kwake, walishinda mechi zote 9 bila kufungwa hata pointi moja. Mistari nilikuwa nachora mwenyewe na mimi, na nilikuwa naona kama naonewa. Kopo la maziwa ya unga nalitoboa matundu kwa msumari, naweka chokaa kavu, navuta kamba ya katani kutoka kibendera hadi kibendera, alafu natembea kinyumenyume nikigongagonga kopo kwa fimbo, upepo ukivuma viatu na suruali vyote vyeupe. Kuanzia siku ile sikulalamika tena kuhusu chokaa.

Ila kilichoniokoa ni kitu kimoja kidogo, kwamba yule mzee asubuhi alikuwa anapita bwenini na kengele mkononi anawaamsha wachezaji waende darasani. Yaani kocha mwenyewe, sio mlinzi! Pale stoo tulikuwa na kengele ya shaba ya mkononi, ya zamani, mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli. Nikaichukua. Saa kumi na moja alfajiri, na mnaojua baridi ya Juni ya huku mnanielewa, ukungu huoni hatua tano mbele, mimi huyo naingia bwenini napiga. Sio kwa ajili ya mazoezi, watu walidhani ni jogingi, wakatoka na bukta. Nikawaambia rudini mvae sare, chukueni madaftari, twende darasani tusome mpaka saa kumi na mbili na nusu. Nakaa nao. Hesabu siziwezi lakini nakaa, na kwenye kikosi nikampa yule anayejua hesabu awaelekeze wenzake.

Alafu nikafungua daftari, jina, namba ya jezi, mkondo, na safu ya mahudhurio inayosainiwa na mkufunzi wa somo kila Ijumaa. Huna saini, Jumamosi huchezi. Straika wangu bora hakuwa na saini mbili, nikamweka nje kwenye mechi tuliyofungwa 3-0, wakufunzi wenzangu wengine wakasema nimepoteza mechi kwa makusudi. Kijana akaja jioni nyumbani, kasimama mlangoni, "Shikamoo kocha, naomba nianze kuja alfajiri." Alikuwa haji. Nikamwambia karibu ndani kwanza ule.

Muhula uliofuata sapu zilikuwa 4, ule mwingine 1. Mama hakuifunga timu na mwaka uliofuata akatununulia nyavu mpya.

Kitu kimoja Robinson hakukutana nacho, mchezaji wa chuo Marekani anakaa miaka minne, wangu alikuwa anakaa miwili tu, na ndani ya hiyo anaenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, timu inavunjika katikati ya mwaka. Dawa niliyoipata ni kuchanganya, kila nafasi lazima iwe na mmoja wa mwaka wa kwanza na mmoja wa pili, hata kama wa kwanza ni dhaifu.

Na kuhusu kuondoka nilijifunza kwake pia. Misimu yake mitatu ya mwisho alikuwa anapoteza zaidi ya anavyoshinda, watu wakataka atoke, mzee wa mechi 408. Iliniuma sana kusoma hiyo sehemu. Kwa hiyo miaka miwili kabla sijastaafu nikaomba nipewe kijana wa kushika nafasi yangu, nikamwachia timu kidogokidogo, mimi nikabaki na ratiba na bajeti.

Siku ya makabidhiano tuliandika vitu vyote vya stoo, yeye anahesabu mimi naandika. Mipira 9, miwili inavuja. Nyavu za netiboli. Kopo la chokaa alitaka kulitupa nikamwambia liache hapo. Kengele iko namba 14 kwenye orodha, chini ya pampu, na alfajiri yake aliipiga yeye, niliisikia nikiwa nyumbani, alichelewa kama dakika kumi hivi.