Mkeka ukitoka, grupu letu la Mlimani linaamka

Grupu letu la WhatsApp la waliomaliza UD, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, mwaka mmoja na mimi huwa limelala tu. Wiki mbili, tatu, hamna kitu zaidi ya tangazo la msiba na kadi ya mchango wa harusi ya mtu ambaye wengi wetu hatumkumbuki hata sura. Halafu mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa na Rais, unatoka Ikulu usiku, dakika tano hazipiti, watu ulioamini wameshabadilisha namba wanaibuka mmoja mmoja, hongera mheshimiwa, hongera kaka, Mungu akutangulie, Mlimani hoyee, na picha ya mteuliwa akiwa kwenye joho imeshapatikana sijui wapi. Profaili ya grupu yenyewe ni Nkrumah Hall, ile ile iliyokuwa nyuma ya noti ya jero kabla jero haijageuka sarafu.

Sisemi ni vibaya. Chuo kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na ukitazama waliopita humo huwezi kuacha kutamba kidogo. Museveni alikuja 1967 akamaliza 1970, na katikati hapo akapata muda wa kwenda Msumbiji na FRELIMO, wapigania uhuru wa kule, kuona maeneo yaliyokombolewa (sisi tukipata muda tulikuwa tunaenda Mwenge). Kikwete alimaliza uchumi 1975 na tangu 2016 ndiye Mkuu wa Chuo, yaani ndiye anayewatunuku watu digrii. Asha-Rose Migiro alisoma sheria hapo, akafundisha hapo, akaja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 mpaka 2012. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya 2011 hadi 2016, sheria kaisomea Dar. Dokta Tulia Ackson naye alikuwa lekchara wa sheria hapo kabla ya hayo mambo ya uspika bungeni, na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Hapo sijagusa madaktari wa Muhimbili wa kabla ya 2007, maana enzi hizo Muhimbili ilikuwa bado chuo kishiriki cha UD.

Tunapenda mpaka tunapitiliza. Novemba 2025 Zohran Mamdani aliposhinda umeya wa New York jamaa mmoja akaandika kwenye grupu "mtoto wa Mlimani huyo", akimaanisha baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha pale kuanzia 1973 mpaka 1979. Sasa huyo Zohran kazaliwa Kampala 1991, miaka kumi na mbili baada ya baba kuondoka Dar, lakini sisi tukimtaka mtu awe wetu hatushindwi.

Kinachonikera ni kwamba hongera zetu zinafuata mkeka tu. Chukua mfano wa Dokta Mwele Malecela. Alisoma zuolojia Mlimani, akaingia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, 1987, na miaka mingi ya kazi yake ilikwenda kwenye matende na mabusha, magonjwa ambayo watu wa pwani tunayajua vizuri na tunayataja kwa kunong'ona. 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza NIMR, hapo hongera zilikuwepo bila shaka. Desemba 2016 taasisi ikatangaza matokeo ya utafiti kuhusu virusi vya Zika nchini, na ndani ya siku chache uteuzi wake ukatenguliwa, na aliyetengua ni Rais Magufuli, naye mtu wa Mlimani, tena mwanasayansi, udaktari wake wa 2009 ulikuwa wa kemia, juu ya kutumia mafuta ya maganda ya korosho kuzuia chuma kisipate kutu. Wahitimu wawili wa sayansi wa chuo kimoja. Kwenye grupu letu siku ile hakuandika mtu, hata emoji. Mama akaenda zake WHO, 2018 akawa mkurugenzi wa idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika kule Geneva, yaani yale yale matende na mabusha lakini sasa kwa dunia nzima, na hilo nalo likapita kimya kwa sababu halikutoka kwenye mkeka. Februari 2022 alipofariki ndio tukaamka, tukaandika tumempoteza mtu wetu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo stori ninayoipenda kuliko zote za chuo kile haina mheshimiwa hata mmoja ndani yake. Ni ya Erasto Mpemba (si Mpemba wa Pemba, ni jina tu, kila mwaka lazima niwaambie wanafunzi). 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, wanatengeneza askrimu, unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe ndio unaweka kwenye friji. Yeye akaona nafasi kwenye friji zinakwisha, akatia yake ya moto hivyo hivyo, na yake ikaganda mapema kuliko ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, ikawa utani darasani kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na siku moja akaja mgeni kutoka Dar kuongea nao, Denis Osborne, profesa wa fizikia wa Mlimani. Wakati wa maswali Mpemba akasimama akauliza lile lile, maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa nini ya nyuzi 100 yanaganda kwanza. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alisema akirudi Dar atajaribu.

Na kweli alipofika alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaja na jibu kwamba ndiyo, maji ya moto yameganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Hapo ndipo huwa nasimama darasani nacheka peke yangu. Wakarudia, ikatoka vile vile, na 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja kwenye jarida, profesa na kijana ambaye wakati huo alikuwa anasomea wanyamapori kwenye chuo cha Mweka. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo au ni namna ya kupima tu, lakini wanabishana kwa jina la Mpemba. Mkwawa yenyewe sasa ni chuo kishiriki cha UD, tangu 2005.

Basi wiki iliyopita nikaiandika stori hii kwenye grupu, ndefu, kwa vituo vyote. Nikapata dole gumba moja. Admini akauliza, "Hongera ziende kwa nani mwalimu?" Nikawaza kidogo nikamjibu ziende kwa yule fundi wa maabara, maana ndiye aliyeganda na friji mpaka mwisho na simuoni akitajwa popote pale Mlimani inapohesabu watu wake. Halafu nikauliza, nani anawakumbuka mafundi wa maabara waliotufundisha kushika pipeti?

Sikutegemea. Kwanza dada mmoja yuko Mtwara anafanya kazi idara ya maji, akamtaja mzee aliyekuwa anamwekea vifaa pembeni kila alipochelewa daladala ya Mabibo. Mwingine, sasa ni lekchara huko nje, akasema bila mama fulani wa stoo ya kemikali yeye angekuwa ameshadisko, yaani kafukuzwa kwa kufeli, mwaka wa pili. Watu wakaanza kutaja majina mpaka ya baba wa kafeteria aliyekopesha wali maharage bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa, mtu wa benki akakiri anadaiwa hadi leo. Tukapita meseji mia na kitu, wengine voisi za dakika tatu, mmoja kumbe anaishi Changanyikeni jirani na fundi wetu wa maabara ya fizikia, amestaafu, anafuga kuku, akasema kesho atampitia ampigie simu tuwe naye wote hewani. Tukakubaliana saa kumi na mbili jioni, nikaweka na alamu kwenye simu.

Saa nne usiku mkeka ukatoka. Wakuu wa wilaya, na wetu wawili wamo. Nimerudi juu kutafuta ile namba ya jirani wa fundi, nimepitia hongera kama sitini hivi, bado sijaifikia.