Mlango wa Kiponda ulifungukia upande gani

Nimerudi Unguja, hii wiki ya tatu, baada ya miaka 11. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi: uwanja wa ndege mpya, foleni za magari, hoteli kila uchochoro. Hayo yote nilishayasikia na hayakunipa tabu. Kilichoninyima usingizi ni matofali ya saruji yaliyopangwa pale Kiponda, mahali ulipokuwa mlango wa nyumba aliyokaa bibi yangu.

Mliokulia Mji Mkongwe mnaijua nyumba ya namna hiyo hata kama hamkuingia ile. Kuta nene za mawe na chokaa, baraza mbili nje, ukivuka kizingiti unapokewa na giza na ubaridi, ngazi za mbao zinazolia, na juu familia nne, kila moja na jiko lake la mkaa. Haikuwa mali yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba ilishikwa na Serikali na bibi alikuwa mpangaji kama wenzake. Lakini mlango tuliuhesabu wetu. Sisi ndio tuliousugua, sisi ndio tuliopigwa kwa kuubamiza.

Niliondoka nina miaka 16. Huko Uingereza nikaishia kusoma sanaa, na katika sanaa nikakamatwa na uchapaji wa picha: unachonga kibao, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu yake, unakandamiza. Kazi ya kumalizia masomo sikupata shida kuichagua. Nilijua nyumba imeshakuwa gofu, maana jamaa walikuwa wakinitumia picha za dari lililoanguka. Nikachapa seti ya kwanza hukohuko Leeds kwa kumbukumbu, nikapanga nyingine nije nizifanyie hapa, mbele ya nyumba yenyewe. Katika picha zote walizonitumia, hakuna aliyepiga mlango. Sasa najua sababu.

"Shikamoo babu," nilimwambia mzee aliyekuwa amekaa baraza ya jirani. Alikuwa fundi wa mbao zamani zake.

"Marahaba mwanangu. Wewe si mjukuu wa yule bibi wa juu, wa vitumbua?"

"Ndiye mimi. Babu, mlango uko wapi?"

"Mlango ushauzwa." Alisema kama anayenambia samaki wamekwisha sokoni. Wakaja watu mchana, wakaung'oa na fremu yake, wakaupakia kwenye mkokoteni. Watu wanne, na walipumzika mara mbili kabla ya kufika barabarani.

Mchana! Kiponda! Kwenye vichochoro ambavyo mtoto hawezi kula embe bila ya mama yake kupata habari. Kila niliyemwuliza aliuona ukipita na hakuna aliyeuliza unakwenda wapi. Wananambia, "Nyumba ilishakufa, mlango wa nini?" Nami nasema nyumba ilikuwa mgonjwa, na ilikufa siku ile. Kabla ya hapo ilikuwa na mahali pa kufunga. Baada ya hapo wakaingia mbuzi, wakaingia watoto, wakaingia waliotaka boriti za kuni, mpaka ikabidi tundu lizibwe kwa saruji.

Nimekaa na fundi yule siku nyingi, akanieleza gofu linavyotengenezeka. Huanza juu, kwa bati moja lililotoboka ambalo hakuna mpangaji anayeliona lake. Maji yanaingia ndani ya ukuta na kuuregeza udongo na chokaa. Vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani vinaoza, na boriti ndizo zinazozishika kuta mbili zisiachane. Mikoko haitoi boriti ndefu, ndiyo maana vyumba vyetu vyote vilikuwa vyembamba, mita tatu au pungufu. Zikikatika, sakafu inashuka na ukuta unabaki umesimama peke yake ukingoja masika. Kisha anakuja mtu mwenye nia njema akaupiga plasta ya saruji. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaliwa na chumvi nyuma ya plasta inayong'aa. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na bado Beit al-Ajaib, jumba la 1883, liliporomoka sehemu kubwa ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, nikitazama kwenye simu nikiwa nimevaa koti. Jumba lile lina jina, dunia nzima ililia. Mlango wetu haukuwa na jina.

Nikamfungulia babu picha niliyochapa Leeds. Ni mlango mzima: mabaraza, fremu, mbao mbili, ubao mmoja wazi na ndani giza. Kwenye uchapaji kila kitu hutoka kinyume, kilicho kulia juu ya kibao hutokea kushoto kwenye karatasi, kwa hiyo unachonga kwa kugeuza. Hesabu hiyo niliifanya kwa makini, nikaikagua kwa kioo. Babu aliitazama sana, akasema: "Umeufungua ubao siyo. Huo wa kushoto ndio wenye mfaa, ile nguzo ya katikati. Huwezi kuufungua kwanza."

Nilibisha. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilimbishia mzee wa makamo ya babu yangu kuhusu mlango. Nilikuwa na uhakika. Ubao wa kushoto ndio niliouvuta kila asubuhi nikienda chuoni kusoma Kurani na kila alasiri nikienda kucheza.

Hakubishana. Alinyanyuka, akaondoa takataka kwa mguu chini ya yale matofali, akanionyesha jiwe la kizingiti. Waliokuja na mkokoteni hawakuweza kulichukua. Milango ile haina bawaba; kila ubao una kigingi chake chini na juu, na kinazunguka ndani ya tundu. Kwenye jiwe yako matundu mawili. La kushoto ni dogo, kingo zake bado kali, alama za patasi zinaonekana. La kulia limelika likawa kama kibakuli, laini, ukitia kidole gumba kinateleza. Mfaa umepigiliwa kwenye ubao wa kushoto na kuufunika ule wa kulia kwa nje, basi ubao wa kulia lazima utangulie kufunguka. Vizazi vya watu wamepita upande wa kulia, na mimi mmoja nikasema kushoto.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Nilikuwa naukumbuka mlango kwa ndani. Nilikuwa naukumbuka nikitoka. Kibao nilikuwa nimekibeba kichwani miaka 11 na sikuwahi kukichapa.

Kesho yake nikarudi baada ya Alfajiri na karatasi nyembamba za Kijapani na penseli laini. Nikalaza karatasi juu ya jiwe, nikasugua, vilevile tulivyokuwa tukisugua sarafu chini ya daftari. Tundu la kulia lilitoka jeupe, mviringo mkubwa, penseli haifiki chini. La kushoto likatoka na mikwaruzo ya patasi ya mtu aliyelichimba kabla bibi yangu hajazaliwa. Sikupaka wino juu ya jiwe na wala msithubutu. Wino wa mafuta ukiingia kwenye jiwe hautoki.

Mlango mpya nimeuchonga kwa vipande, kwa kipimo chake halisi. Chini ya fremu kuna samaki na mnyororo, najua kila pete ya mnyororo ule kwa sababu ulikuwa usawa wa macho yangu. Juu ya kimo cha mtoto wa miaka kumi sina kitu. Sikuwahi kutazama juu. Nimeziacha karatasi za juu tupu, sikutaka kuazima nakshi za mlango wa mtu mwingine, na hapa mwalimu wangu hatakubali lakini ndivyo zitakavyobaki.

Kama na wewe unarudi kufanya kazi ya namna hii, nakwambia kwa uchungu: uliza mlango kwanza kabla ya kuuliza watu. Piga picha kizingiti, si paa. Njoo kabla ya masika. Karatasi zifunge kwenye nailoni tangu siku ya kwanza, unyevu wa hapa huzilegeza na kuzitia kuvu. Wino uliokauka Leeds kwa siku mbili hapa umenichukua sita. Presi sikuipata, nimechapa zote kwa mgongo wa kijiko cha mbao, na kwa karatasi nyembamba inatosha kabisa.

Nyembamba mpaka wino unatokea upande wa pili. Ndivyo nilivyotaka. Ijumaa asubuhi niliutundika mlango kwenye kamba ya nguo, kutoka dirisha la jirani hadi la mwenzake, mbele ya matofali. Ukiutazama kutoka uchochoroni, ubao wa kulia ndio uliofunguka. Ukipita kati yake na ukuta ukageuka nyuma, ni wa kushoto.

Babu aliutazama upande wa uchochoroni, akagusa mfaa. Akainama akapita chini ya karatasi, akasimama akiegemea matofali, akautazama kwa huko. Alikaa huko muda mrefu. Upepo ulipoanza nikauteremsha, yeye akanishikia ncha moja.