Ukirudi Mwanza, itembee kwa vipande

Aliyezoea kutembea Capital Ring, njia ya miguu inayozunguka London, anarudi Mwanza na swali moja: njia yetu iko wapi? Ile ya London ina kilomita 126, inapita bustani, misitu na majengo ya kale, na ilikamilika mwaka 2005. Ubora wake hauko kwenye urefu. Imekatwa vipande 15, na kila kipande kinaanza na kuishia karibu na treni, kwa hiyo mtu anatembea Jumamosi moja, anarudi kwake, na mwezi ujao anaanzia pale pale alipoachia. Mwanza vijia vipo, vimekanyagwa na wanafunzi na kina mama wa sokoni miaka yote. Kazi iliyobaki ni kuvikata vipande vinavyoishia penye daladala.

Kipande cha kwanza kianzie Stesheni, ambako reli ilifika mwaka 1928, kizunguke Capri Point, kiishie Kamanga penye Jiwe la Bismarck. Kitembee jioni, maana jua linatua upande ule wa ziwa. Kisiwa cha Saanane kipewe siku yake. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kilomita za mraba 2.18 tu, na kinabeba jina la Mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale kabla hakijawa cha wanyama. Ukichanganya boti na matembezi, kusubiri boti kutakula nusu ya siku.

Cha pili ndicho kitamu zaidi: Makoroboi, Isamilo, Kirumba Mwaloni. Makoroboi unapita chini ya miamba. Jina lenyewe linatokana na koroboi, vile vibatari vya mafuta ya taa vilivyotengenezwa pale kwa makopo. Kisha unapanda Isamilo, kilima kinachotajwa kuwa ndipo mpelelezi Mwingereza Speke alipolitazama ziwa Agosti 1858. Unashuka hadi Mwaloni, kwenye soko la dagaa na sangara.

Wengi wanaotoka nje hukosea hapa: wanapanga kwa kilomita. Kwenye lami kilomita moja ni dakika 12 hadi 15. Kwenye vijia vya mawe, kupanda na kushuka, ni dakika 25 hadi 30, na ramani ya simu haijui ngazi iliyochongwa kati ya nyumba mbili. Hesabu saa. Beba maji lita mbili kwa mtu, kofia, na viatu vya soli ya mpira inayoshika jiwe. Jua la Mwanza huchomoza dakika kama 25 nyuma ya lile la Dar, basi aliyezoea kutoka saa 12 kamili kule atajikuta gizani huku.

Sasa mawe, maana ndiyo njia yenyewe. Jiwe likiwa kavu hushika kiatu kama msasa. Likilowa, angalia ile michirizi myeusi inayoshuka wima: ni viumbe vidogo sana vinavyoota maji yanapopita, na mvua ikigusa vinateleza kama sabuni. Kanyaga sehemu ya kijivu iliyo tupu, au subiri jua lipige kwa muda wa saa mbili. Michirizi myeupe kwenye mianya ni mkojo wa pimbi; usiingize mkono humo, maana na nyoka hupenda mianya hiyo hiyo. Kwenye mawe yenye jua utamkuta mjusi dume mwenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu. Mpe nafasi, atasogea mwenyewe.

Watakaotaka kuweka alama, London hutumia vibao vidogo kwenye nguzo. Kwetu rangi kwenye jiwe inatosha, ila haikai popote. Jiwe letu huvua ngozi kama kitunguu. Gonga kwanza kwa kokoto: likilia wazi kama debe, tabaka hilo litabanduka na alama yako itaanguka nalo. Tafuta panapolia zito, sugua kwa brashi ya waya, acha pakauke, kisha paka rangi ya mafuta ukubwa wa kiganja. Alama moja kila njia panda, nyingine hatua 20 mbele, ili mtu ajue hakukosea. Ukikuta duara jeusi la masizi na nyufa nyembamba kama za ganda la yai, usipake: hapo pamewashwa moto ili jiwe lipasuke, na litageuka kokoto. Wanaoponda wanatafuta riziki, lakini inauma kuona mwamba uliosimama kabla ya mtu yeyote ukiondoka kwa ndoo. Maeneo ya njia yakubaliwe na mtaa mapema, kabla moto haujawashwa.

Kabla ya rangi yoyote, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijia kikipita uwanjani kwa watu, simama, sema “Mwangaluka”, salamu ya Kisukuma, asubuhi au shikamoo kwa mzee, uombe kupita. Mawe ya matambiko yaachwe bila alama.

Ufukweni usikanyage maji ya kina kifupi yenye magugu. Konokono wa kichocho wako humo, na dakika chache zinatosha.

Kipande cha mwisho ni Bujora. Panda daladala ya Kisesa, kisha tembea kupanda hadi makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Kaa kwenye ngoma za watemi na lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Ukija mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, utakuta vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana kucheza, na barabara itajaa. Jua huzama karibu saa 12:50 na giza halikawii. Saa 12 uwe umeshashuka Kisesa, upande wa magari yaendayo mjini.